Miezi saba na Frigate juu ya Raspberry Pi 4, Nzuguni

Nina kuku wa mayai 140 nyuma ya nyumba, hapa Nzuguni, Dodoma, na hao ndio walioniingiza kwenye mambo ya kamera. Trei zilikuwa zinapungua kila wiki, na macho yote nyumbani yakawa kwa kijana anayewahudumia. Yangu yakiwemo. Kamera nilizofunga mwanzo zilikuwa zinapeleka picha mbali, kwenye seva za mtengenezaji. Bando likikata, sioni kitu. Nikaanza kutafuta namna ya kuzihifadhi picha humu humu ndani.

Nilichokipata ni Frigate, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Nimeiweka kwenye Raspberry Pi 4 ya GB 4, kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani. Kamera ni tatu, za waya: geti, varanda na banda. Haijali chapa, mradi kamera itoe RTSP, njia ya kawaida ya kurusha video kwenye mtandao wa nyumbani.

Kinachofanya kompyuta ndogo hivi iweze ni kwamba haijipi kazi isiyo ya lazima. Kila kamera inatoa picha kwa njia mbili. Ile kali inaandikwa kwenye diski jinsi ilivyokuja, bila kubadilishwa. Ile hafifu ndiyo inayochambuliwa, picha 5 kwa sekunde: kwanza inatazama kama kuna kilichosogea, ndipo inajiuliza ni nini. Hiyo kazi ya kutambua nimeikabidhi Coral, kifaa cha Google kinachochomekwa kwenye USB. Nilijaribu siku mbili bila Coral, mwezi wa kumi, joto la Dodoma likiwa kileleni. Pi ilifika nyuzi 80, na ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe. Nunua Coral mapema.

Upepo wa kiangazi ulikuwa umenishinda kwenye programu niliyotumia kabla. Mwarobaini wa uani ukitikisika, inarekodi. Asubuhi nakuta klipu mamia za matawi. Kwenye Frigate nimechora eneo ndani ya geti, na simu inalia mtu akikanyaga hapo tu. Wapita njia barabarani hawanihusu. Kamera ya banda ilikuwa inachungulia uani kwa jirani, nikaigeuza, kisha nikamwita mama wa nyumba hiyo aje aone skrini mwenyewe. Akasema, "Hapo sawa mwanangu, kamba yangu ya nguo haionekani." Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, ua wa mtu ni wake.

Kuhusu mayai. Mwanzoni Frigate inatafuta watu tu. Wanyama lazima uwaongeze mwenyewe kwenye faili la mipangilio. Nikaandika mbwa, paka na ndege. Usiku wa tatu ikaniletea "paka" saa kumi na moja na robo alfajiri. Nilipofungua klipu nikaona ni nguchiro, anapita chini ya wavu ulioachia kwenye kona. Orodha yake haina nguchiro, ikachagua kinachofanana naye. Nilimwonyesha kijana ile klipu na nikamwomba radhi. Hakusema mengi, alichukua koleo na waya tukaenda kuziba.

Sasa umeme, na hapa ndipo pesa yako iende kabla hujafikiria kamera ya nne. Nilianza na chaja ya simu. Alama ya radi ikawa inatokea kwenye skrini, maana yake umeme hautoshi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 za kweli. Kadi ya memori nayo haifai kuandikiwa usiku na mchana. Yangu ilikufa mwezi wa pili, na siku tisa za rekodi zikaenda nayo. Leo natumia diski ya SSD ya TB 1. Kamera moja, kwa megabiti 2 kwa sekunde, inakula kama GB 21 kwa siku, kwa hiyo zote tatu zinanipa wiki mbili kabla za zamani hazijafutwa.

Lililonisumbua zaidi ni saa. Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka huuliza muda kwenye intaneti. Umeme ulikatika saa saba usiku, ukarudi asubuhi, na bando lilikuwa limeisha. Nikakuta rekodi imeandikwa saa saba usiku huku jua linawaka juu ya banda. Rekodi kama hiyo ukiipeleka mbele ya mjumbe utajieleza nini? Nimeongeza kisahani cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, na betri ya akiba inayobeba Pi, ruta na kamera pamoja.

Kuiweka si kazi ya jioni moja. Inakaa ndani ya Docker, programu inayoendesha programu nyingine kama ndani ya sanduku lake, na kwenye lile faili la mipangilio, linaloandikwa kwa mtindo wa YAML, nafasi moja ikikosewa mwanzoni mwa mstari, haiwaki. Mtu asiyependa kuhangaika na kompyuta amtafute fundi.

Wananiuliza kwa nini sihamii Pi 5. Ile ina saa yake, unaongeza betri tu. Lakini haina kifaa cha ndani cha kufungua H.264, namna ya kubana video, na kamera zangu zote ni H.264. Nabaki na hii.