Mmea wa jade ndani ya nyumba: chungu cha udongo au cha plastiki?

Mmea wa jade, Crassula ovata, ambao asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji, huhifadhi maji katika majani yake manene, na ndiyo maana kinachouua ndani ya nyumba mara nyingi si kiu bali kuoza kwa mizizi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupitisha unyevu kwenye kuta zake, hivyo mchanga uliomo hukauka mapema na mtu mwepesi wa kumwagilia hapati hasara kubwa. Tena uzito wake huuzuia mmea uliokomaa, ambao matawi yake huelemea upande wenye mwanga, usipinduke. Cha plastiki ni chepesi na hakivunjiki ovyo, lakini hukaa na maji muda mrefu, kwa hiyo kinamfaa zaidi anayesahau kumwagilia. Vyote sharti viwe na tundu chini.

Mimi ningechagua cha udongo bila kusita. Hata hivyo, katika chungu chochote, chomeka kidole kwanza, na ukihisi unyevu, subiri: majani yaliyosinyaa yanahitaji maji, ilhali yaliyolegea na kugeuka manjano huenda yamezidishiwa.