Filta tatu za oili kwenye IST yangu: ipi inachuja kweli?

Nimetumia filta tatu tofauti za oili kwenye Toyota IST yangu, injini ya 1NZ-FE, na kila moja ilipomaliza muda wake tuliikata na fundi tukaangalia ndani. Naandika haya kwa sababu kila ninapouliza dukani tofauti ya filta ya bei ya chini na ya bei ya juu, jibu ni lile lile: hii orijino, ile kopi. Hakuna anayeniambia inachuja chembe za ukubwa gani na kwa kiasi gani, wakati hiyo ndiyo kazi ninayoilipia.

Uwezo wa filta hutajwa kwa namba mbili zinazokwenda pamoja: asilimia na mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Filta ikiandikwa "asilimia 99" bila kutaja mikroni, hujaambiwa kitu, maana hata chujio la chai linakamata asilimia 99 ya majani. Ikiandikwa "mikroni 10" bila asilimia ni hivyo hivyo: huenda inakamata nusu tu ya chembe za ukubwa huo. Kipimo kinachotambulika ni ISO 4548-12. Oili iliyotiwa vumbi maalumu huzungushwa kwenye filta tena na tena, huku mashine ikihesabu chembe kabla ya filta na baada yake. Matokeo mengine huandikwa kwa uwiano wa beta, yaani chembe zilizoingia kugawanya kwa zilizopenya: beta 2 ni asilimia 50, beta 20 ni asilimia 95, beta 100 ni asilimia 99. Mimi huwa natazama zile zinazopenya. Filta ya asilimia 95 inapitisha chembe 5 katika kila 100, ya asilimia 99 inapitisha 1, kwa hiyo ya kwanza inauachia uchafu mara tano zaidi.

Kwa kipimo hicho, filta iliyonivutia zaidi ni FRAM Ultra Synthetic, namba XG4967. Niliipata kupitia shemeji yangu anayeishi Marekani. Inaingia bila shida kwa sababu IST ya toleo la kwanza iliuzwa kule kwa jina la Scion xA, na injini ni hii hii. Boksi linadai zaidi ya asilimia 99, na maandishi madogo yanafafanua: ni kwa chembe zinazozidi mikroni 20, kwa ISO 4548-12, na namba zilizopimwa zimetajwa, XG4967 ikiwa mojawapo. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Filta kubwa ina eneo kubwa la kuchujia, hivyo ni rahisi zaidi kwake kufaulu, na kampuni ikipima kubwa peke yake matokeo hayaisemei filta ndogo ya gari kama langu. Hapa saizi yangu yenyewe imepimwa. Tulipoikata tulikuta kitambaa cha nyuzi za sintetiki chenye wavu wa waya nyuma yake, na vifuniko vya chuma juu na chini. Mpira wa kuzuia oili isirudi ni wa silikoni, na baada ya kazi yote ile ulikuwa bado unakunjika na kurudi kama mpya.

Ya pili ni ya Toyota yenyewe, 90915-YZZE1, niliyoinunua kwa wakala. Boksi lake halina asilimia wala mikroni, na hilo ni pungufu kwangu mimi ninayetaka kulinganisha. Ndani ni karatasi, mikunjo imepangika vizuri, gundi imeshika pote, hakuna pengo. Sina la kulalamikia.

Ya tatu nilitaka kuijaribu kwa sababu ndiyo inayofungwa kwenye magari mengi mtaani: boksi jeupe, picha ya filta, namba inayofanana na ya Toyota, bei kama theluthi ya ile ya wakala. Dalili zilianza mapema. Asubuhi ukiwasha gari, taa nyekundu ya oili ilichelewa kuzimika na cheni ikapiga kelele kabla presha haijapanda. Tulipoikata tukaona sababu. Mpira wa kuzuia oili isirudi ulikuwa umekauka. Fundi aliukunja ukapasuka. Maana yake usiku oili ilikuwa inashuka yote kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini, na asubuhi pampu inaanza kujaza filta upya huku injini inazunguka.

Kibaya zaidi kilikuwa kwenye karatasi. Mikunjo ilikuwa imejikusanya upande mmoja, upande wa pili iko mbali mbali, na pale ncha mbili za karatasi zinapounganishwa gundi ilikuwa imeachia. Niliingiza ukucha ukapita. Hapo hata karatasi ingekuwa bora kuliko zote duniani, haisaidii, kwa sababu oili inapita penye upenyo. Halafu kuna valvu ya dharura, ile inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito, ili injini ipate oili isiyochujwa badala ya kukosa kabisa. Springi yake tuliisukuma kwa kidole kidogo ikafunguka. Valvu legevu namna hiyo inafunguka hata pasipo dharura.

Angalizo kwa atakayetaka kukata yake: ukitumia msumeno wa chuma, unga wa chuma unaangukia ndani. Usije ukaudhania ni beringi za injini zinasagika.

Fundi wangu hakushawishika mara moja. "Kaka, mbona oili zote tatu zimetoka nyeusi?" Ni hoja ninayoisikia gereji nyingi, na inastahili jibu. Weusi wa oili unatokana na masizi ya mwako na oili yenyewe kuzeeka kwa joto. Chembe za masizi ni ndogo kuliko mikroni moja, kwa hiyo zinapita kwenye filta yoyote ya kawaida, ya bei yoyote. Rangi inaonyesha oili imefanya kazi. Haikuambii kama chembe za mikroni 20 zimekamatwa.

Na hizo ndizo zinazokula injini. Mwaka 1988 General Motors walitoa utafiti kupitia SAE, chama cha wahandisi wa magari, uliolinganisha filta na ulikaji wa injini, kwa kutia vumbi kwenye oili makusudi. Ukilinganisha na filta ya mikroni 40, ile ya mikroni 30 ilipunguza ulikaji kwa asilimia 50, na ya mikroni 15 kwa asilimia 70. Sababu ni kwamba utando wa oili kati ya beringi na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni mwembamba sana, na chembe za mikroni 2 hadi 22 zinaingia humo na kukwangua. Barabara za mtaani kwetu ni za vumbi, ndiyo maana namba hizi nazichukulia kwa uzito. Ila vumbi hilo linaingilia kwenye hewa kwanza. Mtu anayefunga filta nzuri ya oili huku filta ya hewa imepasuka anamwaga hela.

Uamuzi wangu ni huu. XG4967 ndiyo bora kwa kuchuja, lakini siwezi kumsumbua shemeji kila servisi, kwa hiyo filta yangu ya kawaida ni 90915-YZZE1 ya wakala. Ile ya boksi jeupe sirudi kwake hata nikipewa bure. Injini hii inachukua kama lita 3.7 za oili pamoja na filta. Sioni mantiki ya kununua oili nzuri ya kiasi hicho halafu uipitishe kwenye karatasi iliyobanduka.

Dukani omba kufungua boksi kabla ya kulipa. Chungulia kwenye matundu, bonyeza mpira wa ndani kwa kidole uone kama ni laini na umekaa sawa pande zote. Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa nje wa filta ya zamani umetoka nayo, maana ukibaki umeganda kwenye injini, filta mpya haikai vizuri na oili inaweza kumwagika yote njiani. Paka oili safi kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, kisha washa gari uchungulie chini kama kuna kinachovuja.