Mwongozaji wa picha za usiku msitu wa Rondo, yuko vizuri

Wapenzi wa kupiga picha wanyama, huyu kijana anaepeleka watu msitu wa Rondo huku Lindi namkubali kabisa. Tulienda kumtafuta komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, ana gramu 60 tu hivi na mkia umechanuka kama brashi ya kuoshea chupa. Kitaalamu anaitwa Paragalago rondoensis, yani jina la Rondo yetu limeingia kwenye vitabu vya dunia nzima, mi hiyo inanipa raha sana aisee na watu wengi wa hukuhuku hawajui.

Jamaa kazi anaijua, anasikiliza mlio kwanza ndo anawasha tochi nyekundu, flashi ya machoni hataki kabisa, anakwambia ongeza ISO (yani kamera ihisi mwanga zaidi), egemeza kamera kwenye mti isitikisike. Macho yakang'aa matawi ya chini pale, nikapata picha kali, nywele za mkia zinaonekana mojamoja! Shida gari tu, iko chini mno kwa ile barabara, wabadilishe. Bei mnaongea, mkiwa kikundi inakua nafuu. Nendeni kiangazi.