VPN isiyohifadhi kumbukumbu ilinisomea kumbukumbu zangu

Nyota moja kati ya tano kwa VPN, yaani huduma inayopitisha data zako kwa njia iliyofichwa hadi kwenye seva zake, kompyuta zilizoko hata nchi nyingine, ili uonekane uko huko. Hii ilijinadi kwamba haihifadhi kumbukumbu, yaani rekodi za nani kaunganishwa na saa ngapi. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu wakala wao ana namba yangu ya simu na anajua ninakofanyia kazi, na kwa jinsi alivyozungumza nami sina amani naye hata kidogo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria Dar es Salaam. Wanaokuja kwetu wengi ni wanawake ambao nyumbani hakukaliki: kipigo, kunyang'anywa watoto, kufukuzwa kwenye nyumba waliyoijenga kwa jasho lao. Wengi hawaanzi kwa kuja ofisini. Wanaanza kwa kutuandikia kupitia tovuti yetu, usiku, kwa simu ambayo bando lake kanunua mume, kwenye Wi-Fi ambayo ruta yake anaishika mume. Na wapo waume wanaoijua mitandao vizuri sana, wengine ndiyo kazi inayowalisha. Kwa hiyo sikununua VPN ili nione mpira wa Ulaya. Niliinunua, na baadhi ya wateja wetu tukawawekea, ili asiwepo mtu wa katikati anayejua nani kazungumza na nani, na saa ngapi.

Hiyo saa ngapi ndiyo wengi wanaipuuza. Siku hizi maneno yenyewe yamefichwa karibu kila mahali. Ukiona alama ya kufuli kwenye kivinjari, aliyeko njiani hasomi ulichoandika. Lakini mtu aliyekaa kibarazani mwa jirani hahitaji kusikia yanayosemwa ndani ya nyumba. Anaona nani kaingia, kakaa muda gani, katoka na mzigo au mikono mitupu. Mpe wiki moja, atakusimulia habari za nyumba ile kuliko wanaolala humo. Kwenye mtandao ndivyo ilivyo: saa uliyounganishwa, ukubwa wa kilichotumwa, mpangilio wa kwenda na kurudi kwa data. Kwa vipimo hivyo tu, bila kufungua ujumbe hata mmoja, mtu mwenye utaalamu anaweza kukisia hata ukurasa uliousoma, kwa kuwa kila tovuti ina namna yake ya kushusha picha na maandishi.

Nisimwonee mtu. Miezi ya mwanzo huduma ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kasi, haikula bando kupita kiasi, na wakala alikuwa akijibu kwa Kiswahili, hata Jumapili. Ningeandika maoni haya wakati ule ningewapa nne, na wenzangu ofisini niliwashawishi mimi.

Halafu usiku mmoja nikiwa katikati ya mazungumzo na mama mmoja mwenye hali ngumu, VPN ikakatika. Haikusema chochote. Alama yao ya kijani ilibaki palepale inawaka, na ile sehemu ya kuzuia data isitoke VPN inapoanguka nilikuwa nimeiwasha tangu siku ya kwanza. Niligundua kwa sababu nilifungua tovuti ya kuangalia anwani ya IP, ile namba inayoonyesha umeunganishwa kutoka wapi, nikajikuta niko Dar es Salaam, kwenye laini yangu ya simu, badala ya Uholanzi nilikochagua. Sijui nilikuwa hivyo kwa muda gani. Mwili wote ulinisisimka, maana si siri yangu iliyokuwa imeachwa wazi.

Asubuhi nikamwandikia wakala. Nilitarajia aseme pole, kisha aniulize ninatumia simu gani. Akajibu hivi: "Huduma haina tatizo madam. Naona jana umeingia saa mbili na dakika kumi usiku, ukatumia kama MB mia nne, ukatoka saa nne kasoro. Ulianza na Wi-Fi, baadaye ukahamia kwenye laini."

Nilisoma mara kadhaa. Nikamuuliza, "Kaka, haya umeyajuaje?"

"Tunayaona kwenye mfumo."

"Lakini kwenye tovuti yenu mmeandika kwa herufi kubwa kwamba hamhifadhi kumbukumbu za wateja."

"Hatuangalii unachofanya, mama. Tunaangalia muda tu."

Nikamwambia muda ndio niliokuwa nalipia ufichwe. Akaniandikia, "Mama, kama mambo yako ni safi unaogopa nini?" Na kabla sijajibu akaongeza: "Kwani hiyo VPN umeisajili?"

Hapo ndipo damu ilipochemka. Kwa asiyefahamu, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ofisi yetu ilijaza fomu, na wakala sikumjibu kwa kuwa hakustahili jibu. Mtu aliyeniuzia VPN, aliyepokea pesa yangu ya mwaka mzima, ananitishia kwa kutumia VPN ileile! Mteja analalamika kwamba mlango umevunjika, fundi wa mlango anamuuliza kama ana kibali cha kukaa ndani. Sikuwahi kudharauliwa namna ile na mtu niliyemlipa.

Na hilo neno lake, muda tu, limenikaa kooni mpaka leo. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alituma vitisho vya uongo vya bomu kwa kupitia Tor, mtandao unaomficha mtumiaji kwa kumpitisha kwenye kompyuta kadhaa, na huduma ya barua pepe isiyoonyesha jina. Alichofanya ni kiovu na simtetei. Ninachosema ni jinsi alivyopatikana. Hakuna aliyevunja ufichaji wa Tor. Chuo kiliangalia nani, saa chache kabla ya barua zile, alikuwa ameunganishwa na Tor kupitia Wi-Fi ya chuo, naye akawamo. Walipomhoji alikiri. Muda tu. Sasa mume mwenye ruta mkononi, ambaye nyumbani kwake kuna mtu mmoja tu anayetumia VPN, anahitaji nini zaidi ya muda?

Nawajua watakaosema VPN zote ni hivyo hivyo, nikubali yaishe. Si kweli. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika na hati ya upekuzi kwenye ofisi ya Mullvad, kampuni nyingine ya VPN, mjini Gothenburg wakitaka kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja. Wakaelezwa kwamba taarifa hizo hazipo, wakaondoka mikono mitupu. Mimi sikuhitaji polisi wala hati. Nililalamika tu, nikasomewa dakika.

Hao hao Mullvad mwaka 2024 walileta kinga wanayoiita DAITA, ambayo inazifanya pakiti zote, vile vipande ambavyo data husafiri navyo, ziwe na ukubwa mmoja na kuchanganya data za kujazia katikati, ili anayetazama asijue ipi ni ujumbe na ipi ni makapi. Ni wazo zuri sana na nalitamani. Lakini data za kujazia nazo ni data, na sisi data tunainunua kwa kifurushi cha siku. Mteja wangu mwenye bando la shilingi mia tano hawezi kulichoma kwa makapi. Wanaobuni kinga hizi wengi wanaishi mahali ambapo mtu hahesabu MB, na ningependa siku moja waje wakae na mwanamke anayeomba salio kwa jirani ili aulize kama sheria inamruhusu kubaki na watoto wake.

Nimehamia Tor. Kwenye kompyuta natumia kivinjari chao, kwenye simu nina Orbot, programu inayopitisha data za simu kwenye Tor. Tor ilianzia kwenye utafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, na bado kuna wanaoiogopa kwa ajili hiyo. Mimi nilichokiangalia ni jinsi inavyofanya kazi. VPN ni seva za mwenye mali mmoja: anajua wewe ni nani na anajua unakokwenda, kwa hiyo usalama wako wote ni neno lake, na neno la wakala wangu nimeshalionja. Tor inakupitisha kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu tofauti. Cha kwanza kinakujua hakijui unakokwenda, cha mwisho kinajua unakokwenda hakikujui. Data inakatwa vipande vya ukubwa mmoja, baiti 514 kila kimoja. Na mahali ambapo hata kuonekana unatumia Tor ni hatari, kuna Snowflake, inayopitisha data zako kwa watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia kwa namna inayofanana na simu ya video. Ukiwa na mume anayechungulia ruta, kuonekana ulikuwa kwenye simu ya video ni afadhali mara mia.

Nilitaka kuipa nyota tano. Siwezi. Inasuasua mno. Tovuti nyingi zinakufungia mlango au zinakupa vile vipicha vya kuchagua taa za barabarani, ukimaliza vinakuja vingine. Simu za sauti hazipiti kwa sababu Tor haibebi aina hiyo ya data. Kuna dada mmoja alikuwa na dakika chache tu za kutuandikia, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, dakika zake zikaisha. Alirudi baada ya siku nyingi. Siku zile zote nilizokuwa sijui kama yuko salama, Tor kwangu ilikuwa haina hata nyota moja.

Na bado naitetea. Roger Dingledine, Nick Mathewson na Paul Syverson walipoieleza Tor kwa maandishi mwaka 2004, walisema waziwazi kwamba haimzuii mtu anayetazama ncha zote mbili, unapoingilia na unapotokea, kisha akalinganisha muda. Walisema wenyewe, mapema, kabla mtu hajadhurika. Kwa hiyo ninapomwelekeza mteja najua mpaka wake uko wapi: mume ana ruta ya nyumbani, hana mtandao wa seva yetu, hivyo ncha ya pili haioni. Kwa hatari ya aina hiyo inatosha. Kwa mtu anayefuatwa na mwenye uwezo wa kutazama mtandao wa nchi nzima, namwambia aje kwa miguu, na simu aiache nyumbani.

Basi Tor nyota nne, na ile moja nimeizuia kwa ajili ya yule dada. VPN, nilifikiri kuiongeza hadi mbili kwa sababu ya kasi, kwani kasi ilikuwepo, na pengine kwa mtu wa mpira inafaa. Lakini kila nikikumbuka "unaogopa nini" naona hata hiyo moja ni nyingi. Wanawake niliowaweka kwenye programu ile waliniamini mimi, na saa zao za kuingia na kutoka ziko kwenye skrini ya mtu anayezisoma kwa sauti ili ashinde mabishano.

Nimewaandikia makao makuu yao, nikaomba wafute taarifa zote za akaunti yangu na za wale niliowaunganisha. Jibu limekuja kwa Kiingereza kizuri: hakuna cha kufuta, kwa sababu kampuni haihifadhi kumbukumbu zozote. Nimewatumia picha ya skrini yenye maneno ya wakala wao, ya saa mbili na dakika kumi, pamoja na tafsiri. Mpaka naandika haya hawajajibu, na pesa hawajarudisha.