Simu imedondoka: waranti ya dukani au fundi Kariakoo?

Yangu iliniponyoka nashuka daladala, kioo chote utando wa buibui, nikakimbilia dukani na risiti mkononi nikijua waranti ya mwaka mzima itanibeba, kumbe waranti huwa ni ya kasoro za kiwandani tu, simu uliyoidondosha mwenyewe ni msala wako. Na usidanganye, wakifungua wanaona kona iliyobonyea, hata maji yanajulikana maana kuna kistika kwenye tundu la laini kinageuka chekundu.

Fundi Kariakoo yeye hakuulizi maswali, nusu saa unaondoka na kioo kipya, ila mara nyingi ni kopi, tachi inagoma pembeni, na simu ikishafunguliwa nje, dukani waranti wanaweza kuikataa kabisa.

Mi naona kama ni kioo tu na waranti imeisha, nenda kwa fundi, omba risiti. Ila kama simu ilikuwa inajizima kabla haijadondoka, hilo ni tatizo lingine, komaa na duka, wakizingua kuna FCC, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, malalamiko ya walaji wanapokea.