“Wakianza kunuka, tupigie”: uzoefu wangu na watega rakuni

Hii ni mara ya tatu kuandika maoni haya. Ya kwanza niliyaandika siku ileile kwa nyota moja nikayafuta, ya pili nikayaandika usiku wake kwa nyota nne, nayo nikayafuta, na sina hakika kwamba nitafika mwisho wa haya nikiwa na msimamo nilioanza nao, kwa sababu kila ninapoikumbuka sauti ya yule bwana kwenye simu, damu hunichemka upya.

Tunaishi mashambani, upande wa mashariki wa jimbo la Ohio, Marekani, katika nyumba ya mbao iliyopakana na mashamba ya mahindi na kijisitu. Kwa ndugu walio nyumbani wasiomjua rakuni, huyo ni mnyama wa usiku, mkubwa kuliko paka, mwenye weusi machoni kama aliyejifunga kitambaa akaibe, na vidole vya mbele vinavyofungua kila kifungwacho. Pipa la taka nililifunga kwa kamba ya mpira, wakaifungua. Waya mwembamba wa banda la kuku waliuchana, nikawawekea wavu mzito wa matundu ya nusu inchi pamoja na komeo mbili, wakakoma. Hayo yote niliyamudu mwenyewe. Lililonishinda ni la darini.

Theluji ilipokwisha kuyeyuka, mmoja wao aling’oa kifuniko cha tundu la hewa chini ya paa akahamia juu ya vichwa vyetu, na usingizi ukaisha nyumbani. Nikaita kampuni ya kuondoa wanyama, ambayo jina silitaji, wenyewe wanajijua. Akaja bwana mmoja wa makamo. Nilipomfungulia mlango aliuliza kama mwenye nyumba yupo, nikamwambia ndiye mimi, naye akachungulia nyuma ya bega langu kana kwamba atatokea mwingine. Akapanda ngazi, akaingiza kichwa na tochi darini kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, akashuka na kutangaza kwamba ni dume, tena yuko peke yake.

Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, aliniomba nimuulize kama mnyama anayetafuta pahali pa joto majira kama yale hawezi kuwa mzazi. Nikafasiri. Bwana akajibu kwamba yeye kazi hii ameifanya miaka mingi, na jibu hilo alinipa mimi, Mama hakumtazama.

Mtego wake nausifu. Ulikuwa kizimba cha waya chenye peremende nyeupe, laini kama pamba, ambazo rakuni huzipenda na paka wa jirani huzipuuza, na asubuhi yake mnyama alikuwa ndani. Nikampiga picha. Bwana akaziba tundu kwa wavu wa chuma, akapakia kizimba garini, nami nikalipa papo hapo, tena kwa shukrani nyingi.

Jioni ile zikaanza sauti, nyembamba, za kupishana, kutoka upande wa dohani. Nikasema ni ndege. Mama alikuwa akichambua mchele, akasimamisha mkono juu ya ungo, akasikiliza, akasema, “Mwanangu, hao si ndege. Hao ni watoto, na wana njaa.” Amekulia Muheza akisikia komba wakilia usiku mithili ya watoto wachanga, na kwa jambo hili haongopewi.

Kulipokucha nilipiga simu, na nasisitiza kwamba nilizungumza kwa adabu. Yule bwana aliniacha nimalize, kisha akasema, “Siku mbili tatu watanyamaza wenyewe. Wakianza kunuka, tupigie.” Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii polepole, neno moja moja, kama anayezungumza na mtu asiyejua Kiingereza. Kisha akaongeza kwamba kuondoa mizoga kuna bei yake.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuwa mwungwana. Mtu anayeishi kwa kazi hii anajua kwamba rakuni wengi huzaa mwezi wa Aprili na Mei, na kwamba watoto hukaa takriban wiki tatu za mwanzo wakiwa hawajafumbua macho, hawawezi kumfuata mama yao popote. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama kama mnyama ananyonyesha, na katika picha yangu, iliyopigwa kwa simu ya kawaida na mtu asiye na ujuzi wowote, chuchu zinaonekana wazi. Alikibeba kile kizimba mikononi mwake! Isitoshe, hapakuhitajika mtego: unawasha taa na redio darini usiku na mchana, mama anachukizwa na ghasia, anawahamisha watoto mwenyewe mmoja baada ya mwingine. Ingenigharimu bei ya balbu. Katika kaunti za upande wetu serikali imekuwa ikiwagawia rakuni chambo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa tangu mwaka 1997, kingine kikidondoshwa kwa ndege. Mnyama anayepelekewa dawa kwa ndege alikosa dakika tano za tochi.

Nami sijitoi lawamani. Sheria ya Ohio haimruhusu mtega rakuni kwenda kumwachia katika msitu mwingine. Ama anauawa, ama anaachiwa palepale aliponaswa. Bwana aliposema atamchukua sikumuuliza anampeleka wapi, kwa kuwa nilipenda kudhani kwamba ni porini.

Alasiri nilipigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Alikuwa kijana wa kampuni ileile, aliyesikia mazungumzo yetu ofisini, akiuliza kama watoto bado wanalia, kwa sababu mama yao alikuwa bado hai uani kwao. Baada ya saa moja alikuwa kwetu na kizimba chake. Alitambaa kifudifudi juu ya boriti, glavu za ngozi hadi kwenye viwiko, akawapata nyuma ya dohani, ndani ya ile pamba ya kuzuia baridi. Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa amekwisha kupoa.

Watatu tuliwaweka katika boksi chini ya ukuta, juu ya chupa ya maji ya moto ambayo Mama aliizungushia kanga yake. Giza lilipoanza kuingia kijana alifungua kizimba, tukazima taa zote na kusimama kwenye dirisha la jikoni. Rakuni alitoka, akakimbia hadi kwenye miti, tukadhani ndiyo basi. Kisha akarudi. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaingiza mkono mmoja ndani ya boksi akipapasa bila kutazama, kama mtu anayetafuta funguo mkobani, akamwinua wa kwanza, akamng’ata ngozi ya shingo na kupotea naye. Alirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho, boksi likiwa tupu, aliipapasa tena ile kanga, pembe kwa pembe, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

“Kijana huyu amelelewa,” akasema Mama, akamchemshia chai ya maziwa yenye tangawizi. Usiku ule ndipo nilipoandika maoni ya nyota nne, na nilikuwa na sababu, maana hata ule wavu wa yule bwana, lazima nikiri, haujalegea mpaka leo na hakuna aliyeingia tena darini.

Kisha ikaja ankara ya pili. Safari ya pili, nikasema sawa. Saa moja ya kazi darini, sawa. Mstari wa mwisho ulisomeka: kuondoa mzoga, mmoja.

Nilipiga simu, akapokea bwana yuleyule. Akasema, “Nilikwambia kuna bei yake.”

Basi nyota ni moja, na kama kuna njia ya kuifikisha kwa kijana peke yake, naomba afikishiwe. Ankara nimeilipa yote isipokuwa mstari ule. Barua yao ya kunidai imefika jana, iko hapa mezani, haijafunguliwa.