Rangi nyekundu ya nywele: nunua kwa namna itakavyochuja

Malalamiko ya wasomaji kuhusu rangi nyekundu yanafanana karibu neno kwa neno. Siku ya kwanza nywele zinawaka na kila mtu anauliza umeweka nini. Baada ya kuosha mara chache, povu la shampuu linashuka likiwa la waridi, taulo imeshika madoa, na kichwani imebaki rangi kama ya kutu. Mwenye nywele anarudi kwa muuzaji, naye anaambiwa kwamba hakujua kuosha. Hilo linaniudhi sana, maana tatizo lilikuwa limeandikwa kwenye boksi tangu likiwa rafuni, na muuzaji hakumwonyesha.

Sitazungumzia rangi ya ngozi wala umbo la uso. Kioo chako kinayajua hayo kuliko mimi. Nataka ujiulize jambo moja kabla ya kulipa: nyekundu hii ikichuja, itageuka kuwa nini? Itachuja tu, kwa sababu nyekundu ni miongoni mwa rangi za nywele zinazopauka haraka zaidi.

Jibu liko kwenye namba. Pembeni mwa boksi au kwenye tyubu kuna kitu kama 5.5, 7.64 au 66/46. Tarakimu iliyo kabla ya nukta au mkwaju ni kina cha rangi: 1 ni nyeusi, 10 ni blondi nyepesi. Ikirudiwa, kama hiyo 66, rangi imekolezwa. Zinazofuata ni mkia, na mkia ndio unaokuambia wekundu umeegemea wapi. Tarakimu ya kwanza ya mkia ndiyo yenye nguvu, ya pili inaisindikiza tu.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia. Mkia haufanani kwa kampuni zote. Kwa L'Oréal, .4 ni shaba, .5 ni mahogani (wekundu wa kahawia wenye zambarau kidogo) na .6 ni nyekundu. Kwa Wella, /4 ndiyo nyekundu, /5 ni mahogani, na /6 ni zambarau. Aliyezoea 6 ya kampuni moja akichukua 6 ya nyingine, anaondoka na rangi tofauti kabisa, na hakuna atakayemwambia. Kati ya hizi tatu, tano peke yake ndiyo inayokubaliana kwa hawa wawili, na kwa bahati nzuri ndiyo ninayoipenda.

Naipenda kwa sababu ya kile kinachotokea ndani ya unywele. Peroksaidi, ile dawa inayochanganywa na rangi kabla ya kupaka, ikiingia kwenye nywele nyeusi inapunguza weusi, na chini ya weusi huo hujitokeza wekundu wa kahawia, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Rangi uliyonunua inakaa juu ya hilo chungwa. Siku inapoondoka, chungwa ndilo linalobaki kichwani. Ukichagua nyekundu yenye mkia wa shaba umeongeza chungwa juu ya chungwa, na utaliona mapema. Ukichagua mahogani, au nyekundu iliyotiwa zambarau, ile tunayoiita damu ya mzee, ubaridi wake, yaani kule kuelekea kwake bluu, unalituliza chungwa, na rangi inapochuja inateremka kuelekea kahawia ambayo unaweza kutoka nayo nyumbani bila kitambaa.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa Wella Koleston Perfect, na sioni haya kusema kwamba naipendelea. Kwa anayetaka utulivu, 5/5. Kwa anayetaka wekundu unaoonekana kutoka mbali, 55/46 au 66/46, nyekundu yenye zambarau nyuma yake. Tyubu inauzwa peke yake, bila peroksaidi, hivyo wewe ndiye unayeamua nguvu. Unachanganya kipimo kwa kipimo: gramu 60 za krimu kwa gramu 60 za peroksaidi. Peroksaidi ya asilimia 6 inapunguza weusi kidogo, na ya asilimia 9 zaidi. Nyumbani baki kwenye 6. Ndani yake pia kuna kiambato kinachoitwa ME+, kilichotengenezwa ili kupunguza uwezekano wa mtu kupata mzio mpya wa rangi. Ambaye tayari ana mzio huo, kiambato hiki hakimkingi.

Ubaya wake ni kwamba unalipia vitu viwili, na wauzaji wengi hawakumbuki kukuuliza kama unayo peroksaidi. Wengine wanakupa ya asilimia 12 "ili ishike haraka". Ikatae. Peroksaidi kali inafungua chungwa zaidi, yaani inakuletea haraka kile unachokikimbia, na kichwa kinawaka bure.

Nafasi ya pili ni Creme of Nature, Bronze Copper 7.64. Inapendwa na wenye nywele nyeusi na nzito, na siku ya kwanza ni nzuri kweli. Lakini soma mkia, kwa mtindo wa L'Oréal: nyekundu, kisha shaba. Inunue kama uko tayari kuikoleza mara kwa mara. Kama unataka kuweka na kusahau, iache.

Ya tatu ni rangi zisizotumia peroksaidi, na hapa nataja Manic Panic, jina lililoanzia kwenye duka la New York mwaka 1977. Juu ya nywele nyeusi zisizopigwa blichi hutaona kitu zaidi ya mng'ao kidogo juani. Ila kwa kukoleza nyekundu iliyoanza kuchuja, sijui kitu kizuri kama hiki: changanya kidogo na kondishena, paka, subiri, suuza. Foronya ziwe nyeusi.

Maboksi ya bei ya chini yasiyo na namba, yameandikwa "Red" basi, yaache. Boksi usiloweza kusoma mkia wake, hujui unanunua nini.

Unga wa hina halisi hutoa wekundu wa chungwa au kahawia, hautoi kingine. Ukiona "hina" ya damu ya mzee au nyeusi, imeongezwa kitu. Ikiwa kitu hicho ni chumvi za madini, blichi ikija kukutana nazo baadaye nywele zinaweza kupata joto na kukatika.

Nirudi kwa wauzaji kidogo. Ile picha kubwa ya mbele ya boksi mara nyingi ni ya nywele zilizokuwa nyepesi tangu mwanzo. Picha za kuaminika ni zile ndogo za nyuma, zinazoonyesha nywele kabla na baada. Na bei inabandikwa wapi? Juu ya picha hizo hizo. Bandua karatasi ya bei, au omba boksi jingine, ukatafute picha inayofanana na nywele zako. Halafu kuna ile kauli ya "moja linatosha". Boksi lina ujazo uleule hata nywele ziwe hadi kiunoni. Zikipita mabega, nunua mawili kwa pamoja, maana kuishiwa katikati ya kichwa ndiko kunakoleta mabaka.

Kama nywele zimewahi kutiwa rangi nyeusi, usinunue nyekundu yoyote kwanza. Rangi haiondoi rangi. Itashika kwenye mashina yaliyoota karibuni na kuacha ncha zilivyo. Kama zimetiwa dawa ya kulainisha, zipe angalau wiki mbili. Na paka tone la rangi nyuma ya sikio saa 48 kabla, hata kama ni rangi unayoitumia miaka yote: mzio wa PPD, kemikali iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu, humpata pia mtu aliyezoea. Ukiona ngozi inawasha au inavimba, usiipake kichwani.